Kabla hujaongeza chumvi kwenye sabuni ya maji

Wateja wetu wa hapa Mtwara huipima sabuni ya maji kwa macho: huitikisa chupa waone povu, huitazama inavyomiminika, ndipo huanza kupatana bei. Kwa kuwa biashara hii ndiyo inayoniweka mjini, siwalaumu, lakini nawashauri watengenezaji wenzangu wawe na kipimo kingine, nacho ni matone.

Molekuli ya slesi, kemikali inayoipa sabuni ya maji povu na nguvu ya kuondoa mafuta, ina kichwa kinachopenda maji na mkia ambao maji huukataa. Kwa sababu hiyo molekuli hukimbilia mpakani, ama juu ya maji, ambako mikia huelekea hewani, ama pale maji yanapokutana na mafuta ya nazi yaliyoganda kwenye sufuria, ambako mikia huingia ndani ya mafuta. Mvutano wa uso, yaani nguvu inayoufanya uso wa maji ujikaze na kulishikilia tone, hupungua hapo. Ule wa maji safi, ambao kwenye nyuzijoto 25 ni takriban milinyutoni 72 kwa mita, hushuka kadiri mpaka unavyojaa, mara nyingi hadi kati ya 30 na 40. Mpaka ukishajaa, molekuli zinazozidi hujikusanya majini katika mafungu madogo, mikia ikiwa ndani, na mvutano haushuki tena kwa kiasi cha maana.

Chumvi hupunguza kusukumana kwa vichwa, ambavyo vyote vina chaji hasi, hivyo mafungu hurefuka na kusokotana, na sabuni huwa nzito. Uzito huo hausemi umeweka slesi kiasi gani. Ukizidisha chumvi, sabuni hurudi kuwa nyepesi, na anayetumia kisima chenye maji ya chumvi hufika hapo mapema kuliko maelekezo aliyopewa.

Chukua bomba la sindano, uhesabu matone yanayotoka katika mililita moja ya maji matupu, kisha ya sabuni iliyochanganywa na maji. Ya sabuni yatakuwa madogo na mengi zaidi. Dondosha polepole, kwani molekuli huhitaji muda kuufikia uso mpya wa tone. Ukiharakisha, sabuni nzuri itaonekana dhaifu. Endelea kuizimua hadi idadi ya matone ianze kupungua, dalili kwamba slesi haitoshi tena kuujaza uso, halafu linganisha pipa la leo na la wiki iliyopita: linalovumilia maji mengi zaidi ndilo lenye nguvu. Tumia sindano ileile na maji yaleyale kila mara, maana tundu likibadilika, ukubwa wa tone nao hubadilika.