Mume wangu hajali upande wa kushoto: programu ya kompyuta itamsaidia?

Pole sana dada kwa kuuguza. Unasema tangu apate kiharusi mumeo anakula nusu ya kulia tu ya sahani, anajigonga mlangoni kwa bega la kushoto, na umeshauriwa ununue programu ya mazoezi ya ubongo.

Kwanza, tafadhali usimkaripie. Macho yake yanaweza kuwa mazima kabisa. Kilichoumia ni uwezo wa ubongo kuelekeza umakini upande huo, na mwenyewe huenda hajui kuwa kuna kitu anakikosa. Hata hivyo, daktari ampime na macho, maana kiharusi huweza pia kukata uoni wa upande mmoja, na hilo ni tatizo jingine.

Programu hizi humzoesha mgonjwa kutafuta vitu kwenye skrini, hasa upande anaousahau. Wengi hupata alama nzuri kwenye zoezi lenyewe. Kama faida hiyo inafika mezani na mlangoni, ndipo penye shaka. Mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yalikuta ushahidi wa tiba za tatizo hili bado ni hafifu. Usikope fedha kuinunua. Mkiipata, iwe nyongeza, kwa vipindi vifupi, mtaalamu wa utengamao (tiba ya kumrudishia mgonjwa uwezo wake) akiwaongoza.

Nguvu ziweke kwenye shughuli za kila siku. Bandika utepe mwekundu ukingo wa kushoto wa ukurasa, asianze kusoma mstari kabla hajauona utepe huo. Mkono wa kushoto ukiweza kusogea hata kidogo, ausogeze anapofanya shughuli hizo. Na kuendesha gari, hapana, hadi apimwe na kuruhusiwa.