Yule Si Urembo

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Kaka, wawezaje kusimama nusu saa mbele ya kigango, ule ubao wa kuchongwa wa Wagiriama? Mimi dakika mbili tu, miayo." Nikacheka, halafu nikanyamaza. Miaka sita nyuma miayo hiyo ilikuwa yangu.

Nilikwenda kuomba kazi ya kutembeza wageni kwenye hoteli moja hapa Malindi. Mapokezi, kando ya friji ya soda, kilisimama kigango. Meneja akaniambia nikieleze. Nikajibu, "Ni urembo wa Kigiriama." Akanishukuru kwa kuja. Wallahi, nikikumbuka hata leo masikio huwaka moto.

Getini askari, Mgiriama wa makamo, akaniuliza nimejibu nini. Nikamwambia. "Urembo? Yule ni baba wa mtu."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma. Kigango huchongewa mzee wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima cha Wagiriama, aliyefariki, mara nyingi baada ya kuwajia watu wake ndotoni akilalamika kuwa wamemsahau. Hakihamishwi, familia ikihama, chenyewe hubaki. Ndiyo maana wezi walivikuta vimesimama peke yao, wakaviuza ng'ambo. Viwili vilivyoibwa mwaka 1985 vilirudi kutoka Marekani mwaka 2007.

Ushauri wangu basi: nenda saa kumi jioni. Jua la utosini hufuta kila kitu. Likiinama, zile pembetatu zilizochimbwa kwenye mti hujaa kivuli safu kwa safu, na ubao bapa ukaota mbavu. Mara ya kwanza niliyaona hayo kwenye boma moja upande wa Ganda, kwa ruhusa ya wenyewe. Kichwa duara, shingo nyembamba, mikono hakuna. Mchwa walishamla ubavu mmoja. Nilikaa mpaka kiza kikaingia.

Pili, zunguka. Tatu ni hilohilo: zunguka tena, polepole. Na simu iache mfukoni! Vijana wetu hupiga picha kabla hawajatazama, halafu wanasema michongo haiwasemeshi. Itakusemesha vipi nawe umeipa kisogo ujipige selfi? Uliza "ni nani huyu" kabla ya "ni shilingi ngapi".

Kile cha hotelini bado kipo palepale. Siku hizi nina wageni wangu mwenyewe, alhamdulillahi, na nikiwapitisha pale kunywa soda huwafundisha kusema shikamoo kwanza. Meneja hututazama tu.