Kabla hujakubali kupigiwa Windows upya, soma yaliyonikuta Nyegezi

Jumatano iliyopita, saa moja asubuhi, hata chai sijanywa, ujumbe ukaingia. Msomaji wangu wa Sengerema: "Kaka, habari za asubuhi. Laptop yangu tangu jana usiku inanguruma kama mashine ya kusaga, kila nikifungua kitu inaganda. Fundi wa hapa anasema prosesa iko asilimia mia, anataka elfu 25 aipige Windows upya. Nimpe?"

Nikamjibu: usimpe. Halafu nikabaki nimeshika simu, maana ujumbe ule ulinirudisha kwenye benchi moja la mbao ambalo nimejitahidi sana kulisahau.

Nilianzia kwenye kibanda karibu na stendi ya Nyegezi, Mwanza. Fotokopi, kuchapa, picha za pasipoti, na pembeni kibao nilichokiandika kwa mkono, rangi nyekundu: FUNDI KOMPYUTA. Ufundi wenyewe nilikuwa nao mmoja tu, flashi ya kuipakia Windows upya. Una virusi? Napiga Windows. Imekuwa nzito? Napiga Windows. Watu walilipa, wakashukuru, na mimi nikaamini najua.

Akaja binti wa chuo, mwaka wa mwisho, utafiti wake anaukabidhi Jumatatu. Feni inalia, laptop chini ina moto kama pasi. Bila kufungua chochote nikatamka: "Virusi hivi, mdogo wangu." Nikamwekea programu ya kuzuia virusi, ikaanza nayo kupekua diski nzima. Punda kapiga magoti, mimi namwongezea gunia. Mashine ikaganda kabisa. Nikajaribu kuiwasha upya, kwenye skrini yakatokea maandishi: inakamilisha apdeti, isizimwe, asilimia thelathini na kitu. Niliyasoma. Nikasubiri kama dakika kumi, nikaona namba haisogei, nikabonyeza kitufe cha kuzimia na kukishikilia mpaka kioo kikawa cheusi.

Haikuwaka tena sawasawa. Inazunguka, inazima, inazunguka. Nikatoa flashi yangu. Nilimuuliza kama ana vitu kwenye diski D, akasema vipo, nikamwambia basi viko salama. Vya kwenye deskitopu, ambavyo hukaa diski C ile ninayoifuta, sikumuuliza. Jioni nikamkabidhi laptop nyepesi, safi, inang'aa. Akaangalia kioo muda mrefu, kisha kwa sauti ya chini: "Kaka, na ile sura ya nne?"

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia.

Kesho yake alikuja mama yake, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Nikamsalimia "mwangaluka mayu", hakuitikia. Akakaa kwenye benchi langu, kanga inanukia dagaa, akaniuliza: "Mwanangu, kazi hii ulifundishwa na nani?" Sikuwa na jibu. Nilirudisha hela yao. Wiki ile ile makondakta pale stendi wakanipa jina, Fundi Futa, na wapo mpaka leo wanaoniita hivyo wakidhani nacheka nao. Sicheki.

Miezi iliyofuata nilijifunza usiku kwa usiku kwa bando la kuungaunga. Sitawachosha na hayo. Leo ofisi kadhaa mjini zinaniita mimi kwanza, na wale walionicheka wananiletea mashine zilizowashinda. Nasema hivyo kwa makusudi.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Apdeti za Windows za kila mwezi hutoka Jumanne ya pili, saa nne asubuhi kwa saa za magharibi ya Marekani. Hapa kwetu inakuwa saa mbili au saa tatu usiku, kutegemea kama wenzetu wamesogeza saa zao. Ndiyo maana Jumatano yake asubuhi simu yangu haitulii. (Msije mkasema ni Jumatano ya pili. Mwezi ukianza Jumatano, hiyo inakuwa ya tatu. Nimeshabishana na mtu juu ya hili.)

Mzigo ule unafika umebanwa. Prosesa ndiyo inaufungua, inahakiki kila faili, inaingiza mapya na kuyaweka ya zamani pembeni ili mambo yakiharibika pawe na pa kurudi. Anayeifanya kazi hiyo anaitwa TiWorker.exe. Ukishawasha upya wanafuata wengine: anayepanga upya orodha ya utafutaji, mlinzi wa virusi, na mscorsvw.exe anayeziandaa upya programu za .NET, yaani zile zilizojengwa juu ya mfumo huo wa Microsoft. Kwenye mashine yenye diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, wanaweza kukesha. Siyo ugonjwa. Ni kazi.

Kwa hiyo cha kwanza, tazama nani anakula. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya programu zinazofanya kazi (Task Manager), ipange kwa safu ya CPU, yaani prosesa. Ukiona majina hayo, chomeka chaja, weka laptop juu ya meza ngumu, siyo kitandani, funga kivinjari, nenda kanywe chai. Chai mbili. Ukiona jina la programu usiyoijua kabisa, hapo ndipo tuzungumze habari za virusi.

Ikipita nusu siku na hakuna kinachosogea, huenda apdeti ilishuka vibaya. Simamisha huduma ya Windows Update na ile ya BITS inayoshusha mafaili kimyakimya, ingia C, Windows, SoftwareDistribution, futa vilivyomo ndani ya Download, washa huduma zako, anzisha mashine upya. Itashusha upya. Bado? Fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika sfc /scannow, uisubiri imalize. Unayetumia bando, kwenye mipangilio ya Wi-Fi washa palipoandikwa Metered connection, apdeti nyingi zitasubiri mpaka upate intaneti ya kueleweka. Usizizime milele, ndizo zinazoziba mianya ya wezi. Na ukipata hela, nunua SSD, diski ya kasi isiyozunguka, kabla ya kununua simu mpya.

Lakini zaidi ya yote, subiri. Narudia, subiri. Sisi tunaweza kukaa foleni ya kivuko saa mbili bila kunung'unika, ila kompyuta ikichelewa dakika kumi tunaitafutia nyundo. Na ninyi mafundi wenzangu wa flashi moja mnaosoma hapa mkinuna, nuneni tu. Elfu 25 ya mtu hailingani na sura ya nne ya mtoto wa mtu. Uliza deskitopu. Uliza kila mara.

Yule wa Sengerema hakuamini maelezo ya simu. Saa tano alikuwa mlangoni kwangu, amevuka daraja la Kigongo–Busisi na laptop mapajani, ndani ya begi inanguruma vilevile. Tukafungua orodha: TiWorker.exe, halafu chini yake mlinzi wa virusi. Nikachomeka chaja, nikaagiza chapati. Tukazungumza habari za bei ya pamba, na za shemeji yake ambaye ndiye yule fundi wa elfu 25, jambo ambalo hakuwa amenieleza. Saa saba kasoro akaiwasha upya, ikazunguka tena kidogo, namba zikashuka: sitini, ishirini na mbili, nne. Feni ikanyamaza mpaka tukaanza kusikia cherehani ya jirani.

Akatoa pochi. Nikamwambia airudishe kwanza, nikamuuliza kazi zake anazihifadhi wapi.

"Kwenye deskitopu, kaka."

Nikavuta droo, nikatoa flashi tupu, nikafunga mlango.