Kutembea mu pori na batoto, bila kupanda mlima

Yaya, umeuliza mahali pa kutembea polepole karibu na Bukavu, na batoto pamoja na mama ule magoti inamusumbua. Mlima Kahuzi muache kwanza, ni mita 3308, si ya kuchezea. Mimi ningesema Lwiro, kule Kabare, unapita Kavumu, njo ile majengo kubwa Babeleji walijenga ya kufanyia utafiti, kituo kilianza 1947, leo wanakiita CRSN, ni kusema kituo cha utafiti wa sayansi ya asili. Pale munatembea tu chini ya miti mikubwa, mama akichoka anakaa, batoto nao watataka kuona basokwe wa kile kituo cha kulea wanyama pale kando, ila muulize mbele saa za kutembelea, na muwakataze kurusha chakula.

Kama munataka msitu wenyewe basi Tshivanga, mulangoni mwa parke ya Kahuzi-Biega. Hauingie bila gidi wa kuwaongoza, na museme wazi munataka njia fupi, bila ivyo watazani mumekuja juu ya ngorila, na ile bei iko ingine kabisa! Muanze asubuhi, mvua huko inapenda mchana. Na usalama wa ile barabara unabadilika, mupigie mutu wa kule simu mbele ya kutoka.