Kifaduro: Chanjo Ipi Kwa Mtoto?

Nasikia chanjo za kifaduro ziko za aina mbili. Zinatofautianaje?

Ya zamani hutengenezwa kwa bakteria wa kifaduro waliouawa, wakiwa wazima (yaani kamili, si hai). Ya pili, iliyoanza kutumika Japani mwaka 1981, ina chembechembe chache tu za bakteria hao, zilizosafishwa. Zote huchanganywa na chanjo za dondakoo na pepopunda, na hakuna inayoweza kumwambukiza mtoto kifaduro.

Mwanangu alichemka na kulia jioni nzima baada ya sindano ya bakteria wazima. Ni salama kweli?

Pole sana, mama. Ni salama, ingawa huleta homa, uvimbe pajani na kilio mara nyingi zaidi kuliko ile mpya. Kwa kawaida hali hiyo huisha kwa siku moja au mbili. Mnyonyeshe mara kwa mara, usimfunike nguo nzito, na homa ikimsumbua mpe parasetamoli kulingana na uzito wake, kama mhudumu wa afya atakavyokuelekeza. Akipata degedege, akilegea na kupauka, au akivimba uso na kupumua kwa shida, mkimbize hospitali. Hayo hutokea kwa nadra.

Uvumi kwamba chanjo hii huharibu ubongo ulichunguzwa kwa miaka mingi na haukuthibitika. Madhara ya uvumi wenyewe ndiyo yaliyoonekana. Uingereza, wazazi wengi waliacha kuchanja katika miaka ya 1970, na kifaduro kikarudi kwa kishindo. Japani nako uchanjaji ulizorota, na mwaka 1979 ugonjwa huo uliua watu 41.

Kwa hiyo ile mpya ndiyo bora?

Mwilini ni nyepesi zaidi, lakini kinga yake hupungua mapema. Marekani ilihamia chanjo hiyo miaka ya 1990. Mwaka 2010 California ikapata wagonjwa zaidi ya 9,000, wakiwemo watoto wengi wa shule waliokuwa wamechanjwa. Vichanga 10 walikufa. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri nchi zinazotumia bakteria wazima ziendelee nayo kwa dozi za mwanzo, nami nakubaliana nalo kabisa. Homa ya usiku mmoja inavumilika. Kichanga mwenye kifaduro huenda asikohoe kwa mlio ule unaojulikana. Hukata pumzi ghafla, midomo ikageuka bluu.

Ana mwaka na nusu na alimaliza dozi tatu. Ya nne ya nini?

Kuipandisha kinga iliyoanza kushuka, na kupunguza uwezekano wa kumwambukiza mdogo wake. Wakati mzuri ni mwaka wa pili wa maisha.

Kituoni hawana aina aliyochanjwa mwanzo. Tungoje?

Msingoje. Kutumia aina moja ni vizuri inapowezekana, ila isipopatikana, achanjwe iliyopo. Nenda na kadi yake ya kliniki, na kama sindano iliyopita ilimletea shida, mweleze mhudumu kabla hajamchoma.