Jibu: kwa nini spektra inashuka kwa -2 badala ya -5/3

Ndugu wa Maseno, umeuliza kwa nini spektra yako (nguvu ya mabadiliko katika kila masafa) ina mteremko wa -2, wakati msukosuko hutarajiwa kutoa -5/3. Hiyo -2 kwenye uga wa sumaku wa upepo wa jua (chembe zenye chaji zinazotoka kwenye Jua) mara nyingi si msukosuko wa plazma, yaani wa gesi hiyo yenye chaji, ni ncha za data yako. Thamani ya kwanza na ya mwisho zisipolingana, hesabu ya Fourier (inayogawa data kuwa mawimbi) huona ukuta pale, na ukuta huzaa -2. Gawa data vipande 8 hivi, kila kimoja ondoa mwelekeo wa jumla na ukizidishe kwa dirisha la Hann (linaloshusha ncha hadi sifuri), kisha piga wastani wa spektra zao. Mapengo usiyazibe kwa mistari mirefu.

Tena, data ya chombo cha anga cha Wind ya kila sekunde 3 inaishia Hertz 0.17, kona ya spektra (pale mteremko unapozidi kuwa mkali) huwa karibu na Hertz 0.4, hutaiona. Chukua ile ya vipimo 11 kwa sekunde. Faili ni zito na stima za huku unazijua, pakua siku moja moja.

Ikibaki -2, kagua miruko halisi ya uga, maana nayo ni kama ukuta.