Ampia tofauti, shaba ile ile: inakuwaje?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nasoma kemia, na juzi nilipitisha umeme kwenye maji ya kopa sulfeti, anodi (kibati cha upande chanya) shaba, kathodi (kibati cha upande hasi) shaba. Mara ya kwanza niliweka ampia 0.5 kwa dakika 20, mara ya pili ampia 1 kwa dakika 10, na kathodi ikaongezeka karibu gramu 0.2 mara zote mbili. Sasa si umeme mkubwa ndio ungeleta shaba nyingi? Halafu nikapandisha ampia juu sana nikapata unga mweusi mweusi unaodondoka, uzito ukawa chini ya hesabu. Hapo vipi?

JIBU: Nzuri ndugu. Mzani wako hauna shida, hiyo 0.2 ndiyo yenyewe. Kinachoamua uzito wa shaba ni chaji iliyopita, yaani ampia mara sekunde, basi. Piga hesabu: 0.5 mara 1,200 ni kulombi 600 (kulombi ndiyo kipimo cha chaji), na 1 mara 600 ni kulombi 600 vilevile. Ampia inakwambia elektroni zinapita kwa kasi gani tu, haikwambii zimeshapita ngapi mpaka unazima.

Kila ayoni ya shaba, yaani atomu yenye chaji, kwenye hayo maji ina +2, ikifika kathodi inataka elektroni 2 ndo iwe shaba ya kushikika, ikipata moja haijamaliza safari. Moli (fungu la idadi maalumu ya chembe) moja ya elektroni ni kama kulombi 96,500, kwa hiyo moli moja ya shaba, gramu 63.5, inakula moli mbili za elektroni, kulombi 193,000, ambayo ukigawanya unakuta kulombi moja inaleta kama gramu 0.00033, zidisha kwa 600 unapata 0.197. Ukichora grafu ya uzito na chaji inakuja mstari ulionyooka unaoanzia sifuri. Mwanasayansi Faraday aliyaona haya miaka ya 1830, ndiyo sheria yake, elektroni yenyewe imekuja kugunduliwa 1897, yaani jamaa alikuwa na mzani na subira tu, mi huwa namvulia kofia kwa hilo.

Volti je? Na kukolea kwa hayo maji ya kopa sulfeti? Vinabadilisha ampia, ila kama ammita yako, kile kipima ampia, imetulia pale pale havikuongezei shaba yoyote.

Sasa huo unga. Ukisukuma mkondo mkubwa kwenye kibati kidogo, ayoni zilizo karibu na kathodi zinaisha kabla nyingine hazijafika, na elektroni hazisubiri mtu, zinakwenda kutengeneza gesi ya haidrojeni. Ammita imezihesabu lakini shaba hazikuleta. Na hata shaba inayopatikana inajishika ovyo, chembe ndogo ndogo zinazoonekana nyeusi, ukisuuza tu zinaondoka na maji na uzito nao unaondoka. Kwa hiyo sheria ya Faraday haijavunjika, ni kwamba chaji imegawana kazi. Cha kuangalia ni ampia kwa eneo la kibati, sio ampia peke yake, so tumia kibati kipana, koroga taratibu, punguza mkondo.

Kukausha nako kunaharibia watu wengi. Suuza polepole na maji yaliyochujwa kwa mvuke, chovya kwenye asetoni, acha ikauke yenyewe, usifute na kitambaa na usipeleke kwenye moto maana shaba ikishika oksijeni inakuwa nyeusi na inaongeza uzito wa uongo. Anodi ikipungua kidogo zaidi ya kathodi ilivyoongezeka usishtuke, uchafu wake unadondoka chini. Kwenye viwanda vya kusafisha shaba tope hilo halimwagwi, lina fedha na dhahabu ndani.

SWALI: Mhariri, je, nikitumia nitreti ya fedha, kulombi hizo hizo 600 zitatoa gramu zile zile?

JIBU: Hapana, utapata kama gramu 0.67, zaidi ya mara tatu. Ayoni ya fedha inataka elektroni 1 tu, na atomu yake ni nzito, 108 kwa 63.5 ya shaba, kwa hiyo unapata faida pande zote mbili hapo. Ukitaka kuona vizuri, unganisha vyombo viwili kwa mfululizo, kimoja shaba kimoja fedha, ili chaji ile ile ipite kote, halafu pima kathodi zote mbili.